Ufagio wa Mpini Mrefu

Papa mpendwa,

Ninakuandikia nikijua kwamba maneno haya nitayasoma kwa sauti mbele ya watu. Ukumbi wa parokia umejaa mchana huu. Mama amekaa mstari wa mbele, amevaa kitenge chake cha sikukuu, na kando yake yupo binti yangu, mjukuu wako ambaye hukuwahi kumwona. Tulimpa jina la kaka yangu: Bahati.

Wengi wamekuja kwa ajili ya kitabu. Nimeandika riwaya, Papa, na siwezi kukuficha kwamba ni riwaya ya giza. Inamhusu baba aliyefiwa na mwana, akampenda binti aliyebaki kwa hofu kubwa hata akamgeuza mfungwa. Waliotangulia kuisoma wananiuliza huyo baba ni nani. Mama hakuuliza. Juzi, tukiwa jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo, aliusimamisha mchi akasema, "Ule mutu wa kitabu yako asikuwe papa yako. Papa yako alikuwa mutu muzuri." Kisha akaendelea kutwanga, na kila pigo la mchi niliona limenilenga mimi.

Barua hii ni jibu langu kwake. Ni jibu pia la jambo jingine, kwa sababu mama anataka kesho ampeleke Bahati kwenye shamba letu la Mugunga wakapande maharagwe, nami nimekwisha kumkatalia mara mbili.

Humu ukumbini wamo wageni waliotoka mbali, kwa hiyo niruhusu niwaeleze kile ambacho wewe hukuhitaji kuelezwa na mtu. Ardhi yetu ni ya volkano. Mahali pengine inatoa hewa nzito ambayo sisi tunaiita mazuku. Hewa hiyo huioni. Hutuama kwenye mashimo na mabonde kama maji yanavyotuama kwenye bakuli. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita hapo na kichwa chake kikabaki juu ya hatari. Mtoto akiinama mahali hapo hapo, haamki.

Asubuhi ile mlitoka wawili, wewe na Bahati wa kwanza, kwenda kumtazama mbuzi. Mbuzi alikuwa ameteremka kwenye kishimo katikati ya mawe meusi, kamba imenasa. Hakikuwa kishimo cha kumtisha mtu. Kilikufika kiunoni tu. Mlishuka pamoja. Wewe ulibaki umesimama ukimwelekeza, yeye akainama kufungua kamba.

Ulimtoa umembeba mikononi mwako, na watu wa barabara ya Sake wakakusaidia kumfikisha nyumbani. Mimi nilikuwa mdogo, na katika siku zile za matanga nakumbuka jambo moja tu kwa uhakika: kila mtu aliyekuja kukupa pole alikukuta umesimama. Walikuletea kiti, ukakataa. Ulikuwa umevuta pumzi mahali pale pale ambapo mwanao alikosa pumzi, na tofauti kati yenu ilikuwa kimo tu.

Tangu hapo neno la nyumba yetu likawa moja: "Usiiname!"

Uliinua kitanda changu juu ya mawe ya volkano hata ikabidi nipandie kigoda. Kalamu ikianguka, uliiokota wewe. Sikuchuchumaa kuchambua mboga, sikukaa chini na wenzangu kucheza kwa vijiwe, sikufua nguo kwenye beseni. Kanisani, kengele ilipolia na watu wote wakapiga magoti, mkono wako ulinishika chini ya kwapa, tukabaki wawili tumesimama, wewe na mimi, kama watu waliokosa adabu mbele ya Mungu. Padri alizoea. Watoto wa shule hawakuzoea kamwe, waliniita Mulingoti.

Na Mama Sifa, jirani yetu, aliyekuwa akiuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, kutoka soko la Kituku, hakukuonea huruma hata kidogo. Nakumbuka alivyotua beseni lake la dagaa mlangoni petu, akajishika kiuno.

"Muzee Faustin, huyu mutoto wako ataolewa namna gani? Nyumba ya bwana yake atafagia na macho?"

"Mama Sifa, uza samaki yako."

"Naiuza! Lakini nauliza. Ama bwana ndiye atainama, yeye akuwe anasimama kama polisi ya rond-point, ule wa kuongoza motokari?"

Barabara nzima ilicheka. Hata mama alicheka, amejificha nyuma ya pazia. Wewe hukucheka, wala hukukasirika. Jumamosi iliyofuata ulitafuta mti wa mkaratusi ulionyooka, ukaumenya gome, ukaufunga kwenye ufagio wetu mfupi wa njiti kwa waya na kamba. Ulipomaliza, ufagio ulikuwa mrefu kunizidi. Ulinikabidhi kama mtu anayekabidhi zawadi ya komunyo.

"Sasa fagia, mama. Fagia umesimama."

Uliniita mama, jinsi baba wa kwetu wanavyowaita binti zao wanapowabembeleza. Nami nilifagia nimesimama, miaka na miaka. Uwanja haukupata kutakata, kwa maana ufagio wa namna ile unasukuma vumbi tu. Mama alisubiri uende kazini, akarudia kufagia kwa mikono yake, wala hakukuambia.

Watu wananiambia kwamba ule ulikuwa upendo. Nakubali. Lakini naomba wanaonisikiliza wasiharakishe kuutamka, kwa sababu mimi niliuishi, na najua ulivyokuwa mzito. Mtoto anayekatazwa kuinama anakatazwa vitu vingi ambavyo mzazi wake hakuvikusudia. Sikuwahi kumbeba mtoto wa jirani kutoka mkekani. Sikuwahi kumfunga bibi yangu viatu. Nilikuwa mrefu, nimenyooka, na mikono yangu haikumfikia mtu yeyote aliyekuwa chini.

Hapo ndipo kitabu changu kilipoanzia. Katika riwaya, baba anaanguka sakafuni mwa nyumba yake, na binti amesimama juu yake, ufagio mrefu mkononi. Anamtazama. Ametii maisha yake yote; sasa anatii kwa mara ya mwisho. Baba anakufa hivyo, na kitabu kinafungwa.

Mama, sasa nisikilize wewe, nawe Papa univumilie nikimgeuzia mama neno kidogo. Jumapili ile ulikuwa umekwenda Kituku kumtembelea Mama Sifa aliyekuwa mgonjwa, akiuguzwa huko kwa ndugu zake. Hukuyaona yaliyotokea, nasi hatukukusimulia yote.

Papa, ulikuwa umevua koti la misa. Ulisema kichwa kinakuuma, ukainuka kwenda kuchukua maji, na presha ikakuangusha kati ya meza na mlango. Nilikuwa katika mwaka wangu wa mwisho wa shule, msichana mkubwa, mwenye nguvu. Nilikuja mbio hadi ulipolala. Nikasimama.

Sikuwa nimekusudia ubaya. Magoti yalinigomea. Nilikuona, nilitaka kukushika, na mwili wangu ukabaki wima kama ulivyoufundisha. Ulinitazama kutoka chini. Naamini ulikiona wakati ule kile ulichokitengeneza, kwa sababu uso wako uliingiwa na hofu ambayo haikuwa ya ugonjwa. Mdomo wako ulikuwa umepinda upande mmoja. Ukasema taratibu sana:

"Inama, mama. Inama tu. Hapa iko hewa."

Nikainama, Papa. Nilianguka zaidi kuliko kuinama. Magoti yaligonga saruji, nikakukumbatia kichwa, nikapiga kelele hadi barabara yote ikaingia ndani. Ulipona. Mguu mmoja ulibaki ukiburuta, lakini ulipona, ukaishi miaka mingi nasi.

Siku uliyoweza kusimama tena, uliomba msumeno. Uliketi uwanjani, kwenye kiti kile ulichokikataa siku za matanga, ukauweka ufagio wangu juu ya paja, ukakata. Ulikata polepole kwa sababu mkono ulikuwa bado dhaifu, nami sikukusaidia, kwani niliona kazi ile ni yako. Kipande cha mkaratusi kilianguka. Ukanipa kilichobaki. Nilifagia uwanja wote nimeinama, vumbi jeusi likatoka ambalo mama hakuwahi kulifikia, na hadi mchana kiuno kiliniuma kama cha bibi kizee. Mama Sifa, aliyekuwa amepata nafuu, akapiga vigelegele kutoka kwake: "Mulingoti imevunjika! Sasa ndugu zangu, leteni bachumba!"

Ndipo ulipocheka.

Halafu ulikwenda Mugunga. Kwa mguu ule ule unaoburuta ulikwenda mara kwa mara, ukaanza kupanga mawe kuzunguka kile kishimo. Wanaume wa jirani walipokuona, waliacha kazi zao wakakusaidia, na ukuta ukasimama hata mtoto asiweze kuuruka. Nasikia ulikuwa ukiwaambia wapita njia, "Hapa tu ndipo pabaya. Kule kwingine, lima."

Basi kwa nini niliandika mwisho ule mwingine? Kwa sababu siku ile nilisimama juu yako, nami najua kwamba mlango wa mwisho ule ulikuwa wazi. Neno lako moja ndilo lililoufunga. Nilitaka msomaji aone tulikokuwa tunakwenda, ili apime thamani ya neno lile. Mama, mtu wa kitabu changu si Papa. Ni mtu ambaye Papa alikataa kuwa.

Laiti habari ingeishia hapo, ningemaliza kwa sifa zako na kuketi. Lakini wiki iliyopita Bahati alikuwa akifanya kazi ya shule mezani, na penseli yake ikaanguka. Mimi sikusema kitu. Sijawahi kumwambia mtoto huyu neno lile, nilijiapia nisimwambie. Yeye hakuiokota penseli. Aligeuka akaniangalia kwanza.

Aliniangalia machoni, Papa, akisubiri ruhusa.

Sijui nilimfundisha lini. Labda katika namna ninavyoshtuka. Labda katika kila "baki hapa" na "usiende mbali" niliyoisema kwa sauti nzuri. Mama alikuwa ameona. Ndiyo sababu anataka kumpeleka shambani, na nilipokataa mara ya pili aliniambia bila kupaza sauti, "Papa yako alikata ufagio. Weye unaufunga tena."

Mahema ya watu waliokimbia vita, yaliyokuwa yamelifunika shamba letu, yameondoka, na udongo kati ya mawe uko wazi. Ukuta wako bado umesimama. Nimekwenda kuutazama peke yangu, nikagusa mawe uliyoyapanga.

Kwa hiyo, mbele ya watu hawa wote, natoa jibu langu. Kesho, jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza kuvuma, tutakwenda Mugunga watatu. Kwanza nitampeleka Bahati ukutani. Nitamweleza habari za mjomba wake ambaye jina lake analibeba. Nitamfundisha kutambua majani yaliyonyauka bila sababu na wadudu waliokufa mahali pa chini, na asubuhi zisizo na upepo ambazo mtu hashuki shimoni. Atajua yote ninayoyajua, maana kumficha nako ni kumfunga. Kisha tutapanda hadi upande wa juu, mahali ulipolima wewe, na pale nitainama mimi kwanza, nichimbe kitundu, nitie mbegu ya kwanza. Ya pili ni yake. Sitamshika mkono. Nikitetemeka, mama yupo, atanitania.

Pumzika, Papa. Leo hakuna tena anayehitaji kubaki amesimama kwa ajili yako. Jumapili watu watakapopiga magoti, tutapiga nasi, vizazi vitatu kwenye benchi moja, na nafasi yako tutaiacha wazi pembeni, upande wa ule mguu uliokuwa ukiburuta.

Binti yako,
aliyekuinamia.