Nilimwambia ni Vumbi la Mbao

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie upesi, maana sijui mkono huu utaandika mpaka lini. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefiwa na mke, na nina rafiki fundi seremala ambaye wauguzi wa chumba cha mionzi walituita mapacha, kwa sababu ugonjwa wetu ni adimu na tulifika nao wakati mmoja: uvimbe mmoja tu wa seli za plazma, zile zinazotengeneza kinga ya mwili, wangu kwenye pingili ya mgongo, wake ndani ya pua. Tukachomwa mionzi, tukakaa benchi moja tukicheka, sote tukaambiwa uvimbe umekwisha ila tusiache kupimwa damu na mkojo, basi mimi sikuacha, nilifuata kila miadi kama kengele ya shule, na bado ugonjwa ukanirudia ukasambaa mifupa yote, wakati yeye anayesahau miadi amenenepa, anapiga randa, anabeba mbao begani na wajukuu wanamning'inia shingoni.

Mshauri, namwonea wivu mpaka chakula hakipiti. Akija kunitazama ananitania, "Mwalimu, usihofu, jeneza lako nitalipiga randa mwenyewe lisikuchome mgongo," nami nacheka, lakini akitoka nageukia ukutani nauma shuka. Juzi aliketi kitandani kwangu akanong'ona, "Pacha, pua imeziba upande ule ule, na asubuhi imetoa damu. Wewe ndiye msomi, nirudi hospitali?" Jibu nilikuwa nalo, mshauri, lakini nikayatazama yale mabega yake nikasema, "Ni vumbi la mbao tu, funga kitambaa usoni unapokata." Akanishukuru! Akanitengenezea mto, akaenda zake amefurahi, nami nikalala usingizi mtamu kuliko siku zote, na hilo ndilo linalonitisha. Nikimwambia ukweli atajua nilimtakia nini, na sina rafiki mwingine wa kunizika. Nifanye nini?

Pacha Mbaya

JIBU

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa maumivu. Heshima nimekupa, sasa nikuseme.

Kuona wivu ukiwa kitandani si ajabu. Mgonjwa gani hajawahi kumtazama mzima akauliza kwa nini si yeye? Lakini wivu wako umeacha kukuuma wewe, umeanza kutibu watu, tena kwa uongo.

Nimemuuliza daktari wa maradhi haya. Anasema uvimbe huo ukiwa kwenye mfupa, mara nyingi husambaa baada ya miaka, hata kwa mgonjwa mtiifu kama wewe. Vipimo havizuii, vinawahi tu kugundua. Ukiwa puani au kooni, wengi hupona kwa mionzi, na hata ukirudi pale pale, mara nyingi hutibika ukiwahiwa. Kwa hiyo fundi hakukuibia bahati. Hamkuwa mnagawana mkate mmoja. Na huenda kweli ni vumbi, lakini wa kusema hivyo si wewe wala mimi, ni kipimo.

Ukimaliza mstari huu, weka gazeti chini umpigie simu. Usimtume mtu, usizunguke na habari za mvua. Mwambie: "Nilikudanganya kwa wivu. Nenda hospitali leo, uwaambie pua inatoa damu, na kwamba hapo pana uvimbe uliochomwa mionzi." Akikutukana, usikate simu wala usijikinge na ugonjwa wako. Akinyamaza, rudia neno hospitali mpaka akuitikie.

Huenda asikanyage tena kwako. Hiyo ni haki yake, nawe utaibeba. Ukimwomba msamaha, usimwombe hapo hapo aje kukuzika. Hayo ni maombi mawili, mzee, na la leo ni moja.

Maumivu yako nayo mwambie daktari wako, dawa za kuyapoza zipo, usiyavumilie kama adhabu. Lakini simu kwanza.