Seva ya Benki ya Damu

Jumatatu, 3 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi huku wazima, ila mchumba wangu amejaribu suti ya harusi mara nne na kila mara anadai kola inamkaba.

Baba, shangazi ameniambia huji harusini. Nilidhani ananitania. Kwani nimekukosea nini?

Binti yako

Alhamisi, 6 Juni

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Goti halijambo, linanuna kwenye ngazi tu. Mwambie mkwe wangu asiilaumu kola. Shingo inaanza mazoezi ya ndoa.

Hujanikosea. Tatizo ni seva ya benki ya damu hapa hospitali. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inawaka yenyewe, taa zinameta, lakini hifadhidata inabaki imelala fofofo. Wauguzi hawaoni damu ya kundi gani iko friji gani. Basi wanapiga simu: “Mzee wa Damu, njoo!” Nakwenda, naandika amri yangu, sudo systemctl start mariadb, yaani jina la hiyo hifadhidata, inaamka. Fundi aliyeifunga alishahama, hakuna mwingine anayeielewa. Wiki iliyopita mama mmoja alikuwa anavuja damu baada ya kujifungua, nikakimbia na ndala. Walipona wote wawili, mama na mtoto. Sasa itokee tena nikiwa huko nacheza muziki?

Nisamehe, mama.

Baba yako

Ijumaa, 7 Juni

Baba,

Shikamoo tena. Nimelia, halafu nikacheka mpaka mchumba akaja kuuliza kulikoni. Baba, si kutunza seva ndiyo kazi inayonilisha huku? Muda wote huo ukanyamaza!

Wewe unaandika start. Hiyo inaiamsha kwa leo tu. Ipo enable, inayoiambia: “Kila kompyuta ikiwaka, na wewe amka, usingoje kuitwa.” Andika mara moja tu:

sudo systemctl enable mariadb

Kisha waambie wauguzi wanakili akiba ya damu kwenye karatasi, uiwashe kompyuta upya. Usiguse kitu. Tazama tu.

Binti yako

Jumapili, 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Huku salama, seva ndiyo mgonjwa. Nilikaa mikono mfukoni kama ulivyoagiza. Haikuamka. Inasema haioni folda ya data, ile fundi aliyoiweka kwenye diski ya pili, /data. Nimeiamsha kwa mkono.

Nilisikitika, kweli. Lakini kipande cha moyo kikanong'ona: si unaona, bado wanakuhitaji.

Baba yako

Jumatatu, 10 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Tumekaribia! Inaamka mapema mno, kabla diski ya pili haijafunguka, inakuta mlango umefungwa. Tuiambie isubiri. Andika sudo systemctl edit mariadb, halafu weka mistari hii miwili na uhifadhi:

[Unit]
RequiresMountsFor=/data

Iwashe upya tena.

Na hicho kipande cha moyo kiambie hivi: mimi ndiye ninayekuhitaji. Nani atanishika mkono kuingia ukumbini? Shangazi amejitolea, lakini unamjua, atatembea mbele yangu.

Binti yako

Jumamosi, 15 Juni

Mwanangu, mama yangu, fundi wangu,

Marahaba mara mia! Imeamka! Wauguzi walipiga vigelegele mpaka daktari akachungulia akidhani kuna aliyejifungua mapacha.

Hata hivyo sikuamini. Jaribio ni jaribio. Jana umeme ukakatika kweli, mimi niko kwa kinyozi, povu limejaa kidevuni. Ulipowaka nikainuka na kitambaa shingoni, nikaikodolea macho simu. Kimya. Nikashindwa kuvumilia, nikapiga mwenyewe.

“Vipi hifadhidata?”

Muuguzi mkuu akasema, “Imefanya nini? Mbona tunaitumia.”

Nilisimama pale kama mtu aliyeshushwa gunia la mawe mgongoni, hajui mikono aiweke wapi. Kisha nikacheka, povu likaruka hadi kwenye kioo.

Kinyozi akauliza, “Mzee, tumalize au unakwenda?”

“Malizia,” nikamwambia. “Tena ninyoe vizuri. Kesho kutwa nasafiri, namwoza binti yangu.”

Baba wa bibi harusi