Nusu ya Semina

Isiolo mjini,
Jumatano.

Dada Ikra,

Salaam aleikum! Najua unacheka, Waithera na salaam wapi na wapi, lakini miaka minane ya kuuza mboga hapa Isiolo imenifunza. Mama na watoto ni wazima? Mvua imeonekana huko Kulamawe? Mimi mzima, na nina furaha hata kalamu hainitulii mkononi.

Ikra, uvimbe wa titi la Khadra umepungua! Leo nilimsindikiza kliniki, daktari akasema dawa za saratani zinafanya kazi, bado awamu mbili tu. Dadako alinikumbatia hadi buibui lake likanifunika na mimi, tukalia hapo mbele ya foleni bila haya.

Na mboga anakula! Yeye aliyeniambia majani ni ya mbuzi! Managu, karoti, malenge, kila siku. Janice, afisa wa lishe, alitufundisha kwamba ile rangi ya mboga si urembo tu, ndani mna kemikali za mmea zinazosaidia mwili kulinda seli zake. Kumbe miaka yote nauza kitu cha maana hivyo!

Nimesikia umenitengea mbuzi wa shukrani kwa kumlisha dadako. Usimchinje kwanza.

Unakumbuka Khadra alipokosa kliniki mwezi mzima, ukasema ni woga? Haukuwa woga. Ni mimi. Semina ya Janice niliiacha katikati, wateja walikuwa wananingoja, kisha nikakimbia kumwambia Khadra mboga zangu zinaua saratani, aachane na dawa zinazomtapisha. Aliniamini. Uvimbe ukakua. Nilipomwendea Janice kumuuliza, alinijibu kwamba nusu niliyoikosa ndiyo iliyosema mboga husaidia kukinga na kutia nguvu, lakini mgonjwa haachi matibabu. Siku hiyo hiyo nilimrudisha Khadra kliniki, nikamwambia yote. Alinisamehe, akanikataza kukuambia. Lakini nyama yako haiwezi kunipita kooni nikiwa nimenyamaza, na kwa simu ningelia tu.

Jumamosi nakuja na gunia la managu. Ukinifungulia, tutapika pamoja. Usiponifungulia nitaelewa, nitaliacha mlangoni, umpikie Mama.

Mbuzi naye mwache aendelee kula majani yake mpaka uamue.

Nisalimie wote, hata kama hutataka kuwaambia salamu zimetoka kwa nani.

Niliyekukosea na ninayekupenda,
Waithera wa mboga