Chupa Isiyokauka

Makere, Kasulu
4 Februari 2024

Mwanangu Asnath, mwakeye.

Marahaba, maana najua ungeniamkia. Sisi hatujambo, ukiuacha mguu. Simu ninayo, lakini kwenye simu hunikatiza. Karatasi haina mdomo.

Mguu ule uliomwagikiwa na mawese nikichemsha sabuni, huu mwezi wa pili haujafunga. Kisukari nacho kinausaidia usifunge. Sasa umeleta jipya: kitambaa kinatoka kijani, kama kimefutiwa majani ya kunde, na kinanuka utamu, kama ndizi zilizofukiwa shimoni siku ya nne. Unajua nusu ya Makere huja kwangu kuoshwa vidonda. Sijawahi kukutana na kidonda kinachonukia.

Ninayemshuku ni Isack, nesi wa zahanati. Maji ya kunioshea kidonda anachota kwenye pipa ambalo chini yake hajawahi kupaona. Mimi nina chupa yangu ya dawa ya kuoshea vidonda tangu mwaka juzi. Ikifika robo, naongeza dawa kidogo na maji. Ni kama kibuyu cha maziwa, hukikaushi.

Daktari wa Kasulu amenipa hadi tarehe 26. Kijani kisipoondoka, anakata chini ya goti. Wewe unayefuga vijidudu huko maabara ya Kibondo, niambie huyu ni nani.

Shangazi yako


Kibondo
8 Februari 2024

Shangazi, shikamoo. Pole sana na mguu. Huku tu wazima, mvua tu imetukalia.

Ulivyomwelezea, kwa rangi na kwa harufu, hata mwalimu wangu hakuwahi kumweleza hivyo. Nadhani ni yule vitabu vinamwita sudomonasi. Anaishi kwenye maji, kwenye udongo, kwenye masinki. Mtu mwenye ngozi nzima anampita kama mpita njia. Akikuta pameungua, na mwenye mwili ana kisukari, anaingia na kukaa.

Ila kudhani si kupima. Nimempa Abbasi, dereva wa basi, vichupa vitano vyenye vijiti vya pamba. Kimoja Isack achukulie kidondani. Vingine: pipa lake, mtungi wako, sabuni yako, na ile chupa ya dawa.

Mwanao, Asnath


Makere
11 Februari 2024

Mwanangu, natumaini mvua imekuachia nguo kavu.

Vichupa hivyo, Abbasi anavyo. Isack aliponiona nachovya kijiti kwenye pipa lake akauliza, "Mama Veronica, unapima kina?" Nikamwambia napima tabia.

Chupa yangu nimeitia kwa kuwa umesema vitano. Itakusaidia kuona dawa safi ikoje, ulinganishe na ya pipa.

Jana nilimwosha Niyonsaba, kajikata na jembe muundini. Huyo mdudu hulala? Na kwa nini apake rangi, anatafuta kuonekana?

Shangazi yako


Kibondo
16 Februari 2024

Shangazi, shikamoo. Kaa kwanza ndipo usome.

Pipa la Isack: hayumo. Mtungi: hayumo. Sabuni: hayumo. Yumo kidondani, na yumo kwenye chupa yako, tena kwa wingi. Dawa zinazomuua wa kidondani na wa chupani ni zilezile, basi ni mdudu mmoja.

Dawa ikizimuliwa kila mara haimuui. Inawaua wanyonge, anabaki yeye, na kesho unamwongezea maji. Umemlea miaka miwili, shangazi.

Mwaga, chupa itupe. Karatasi niliyoambatisha mpelekee daktari leo hii. Ina majina ya sindano zinazomuua. Na wote uliowaosha, Niyonsaba wa kwanza, Isack awatazame.

Hakuna anayejua bado hulala vipi. Ndiyo kazi yangu.

Asnath


Kibondo
3 Machi 2024

Shangazi, shikamoo. Tarehe 26 imepita na simu yako haipokelewi. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mwanao


Makere
10 Machi 2024

Mwanangu, mwakeye. Nipo.

Karatasi niliipeleka siku ileile. Daktari aliisoma mara mbili, akabadilisha sindano. Vidole viwili vilikuwa vimekwisha kuoza, akavichukua. Mguu ameniachia, nao umeanza kuota nyama nyekundu.

Kilichoninyamazisha si mguu. Ni nyumba saba. Kote nilikoosha watu nilikwenda na fimbo, nikasema mwenyewe: chupa yangu ilikuwa na mdudu, nenda kwa Isack. Niyonsaba hana kitu, ngozi yake ilikwisha kujifunga. Akasema, "Umetembea kilima chote hiki kuniambia sijaumwa?" Mzee Nduwayezu peke yake ndiye aliyekutwa na kijani, sikioni. Anatibiwa. Hanisalimii.

Kwa Isack nilikwenda mwisho, maana yeye ndiye niliyemsema kwa watu. Hakucheka. Akavuta kigoda, akanionyesha dawa inavyopimwa kwa kipimo na kumwagwa jioni. Sasa watu wakija naketi nao pale zahanati, yeye anaosha, mimi nanusa.

Nakuomba kitu. Huyu nimemlisha miaka miwili, kala vidole vyangu viwili, na sura yake siijui. Hata mpangaji mtu humwona.

Shangazi yako


Kibondo
13 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Nimekuoteshea mdudu wako kwenye sahani moja, ya kwako mwenyewe. Ni kijani kama kioo cha chupa, ukiiinamisha inang'aa, na hadubini iko tayari. Panda basi la Abbasi, kiti cha mbele nimekuombea, mguu upate kunyooka.

Uje kabla ya Ijumaa. Ijumaa sahani zote tunazipika, wadudu wafe.

Mwanao, Asnath