Kidonge cha Shingo na Maziwa ya Mayu

Jumatatu, 3 Machi
Alfajiri. Mayu, mama mkwe wangu, kaleta kikombe cha maziwa ya moto kama kawaida. Kidonge cha homoni, viwili vya kuongeza damu, kimoja cha mifupa. Nimevimeza vyote kwa mpigo. Husimama mlangoni hadi nimalize. Dawa haimezwi tumbo tupu, ndiyo sheria yake.

Kisha nikakaa kwenye cherehani, nikaota. Ng'ombe walitembea juu ya mawingu, nami nawashonea sare za shule. Nimeamka shavu likiwa juu ya kitambaa. Nje jua kali. Mimi nasikia baridi, nimevaa sweta.

Jumamosi, 8 Machi
Mimba ina miezi minne. Tangu nikatwe rovu, ule uvimbe wa shingoni, mwaka juzi, shingo yangu haitengenezi homoni. Kidonge ndicho shingo yangu. Sijaruka hata siku moja. Mbona basi nalala hivi? Wateja hapa Nyahanga wamenipa jina: Bibi Usingizi. Nacheka nao. Moyoni sicheki.

Jumatano, 12 Machi
Kliniki. Majibu ya damu ni mabaya kuliko ya mwezi jana, na dozi walishaongeza. Nesi kanitazama juu ya miwani. "Mama, unameza kweli, au unatupa?"

Aibu. Halafu hasira. Kasema homoni ikipungua, anayeumia ni mtoto, ubongo wake. Njia nzima nimeshika tumbo. Mume wangu sijamwambia. Yuko machimboni Geita, ana hofu zake za kumtosha.

Jumatatu, 17 Machi
Sijashona. Nimeota niko mdomoni mwa duara, shimo la dhahabu. Mtoto ananiita kutoka chini, polepole, kama aliyejifunika blanketi. Nami nikaona raha, nikajilaza pale pembeni.

Raha ile ndiyo inayonitisha.

Jumatano, 19 Machi
Nimerudi kliniki. Safari hii daktari, mama wa makamo. Kauliza ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: nameza na nini? Nikamweleza, tena kwa majivuno kidogo. Akaweka kalamu chini.

Kumbe maziwa yanaizuia dawa. Vidonge vya damu na vya mifupa ndivyo zaidi. Homoni ni kwa maji matupu, asubuhi, tumbo tupu, nikae saa nzima ndipo nile. Vile vingine vingoje mchana.

Nimelia kwa nafuu. Halafu nikamkumbuka Mayu. Anakamua kwa mkono wake mwenyewe. Nitayakataaje maziwa ya mama mkwe?

Alhamisi, 20 Machi
Nimepiga goti, nimemwambia. Kaondoka na kikombe chake. Siku nzima hajaniita. Nimemeza kwa maji, nimejiona mkosefu.

Ijumaa, 21 Machi
Nilidhani kakasirika. Leo kaja, macho mekundu. "Mwanangu, kumbe mimi ndiye niliyekuwa namnyima mjukuu wangu?"

Tumechambua mchicha pamoja.

Jumanne, 22 Aprili
Majibu ya jana yamekaa vizuri. Kuhusu mtoto daktari haahidi kitu. Tutamwona akija.

Sweta nimelifua, nimeliweka. Ndoto zimepungua. Nazikumbuka kidogo, hasa wale ng'ombe.

Asubuhi Mayu kaleta maji. Maziwa kayapakata, kaketi miguuni pangu kuingoja saa yangu iishe. Naye hali kitu mpaka nile. Yakafanya utando. Ghafla mtoto akacheza. Nikauchukua mkono wa Mayu, nikauweka pale pale. Saa imeisha, maziwa yamepoa, hakuna aliyeinuka.