Siku Mama Aliposikia Baridi

Jubaila, Basra,
9 Agosti 2023

Mpendwa mdogo wangu Munaf,

Salamu za Mwenyezi Mungu zikufikie huko Uswidi, wewe na Zahra na mtoto. Mgongo wako unaendeleaje? Najua mmekaa na msiba bila hata jirani wa kuwapikia, na hilo linaniumiza. Sisi huku tu wazima wa mwili. Joto halijapungua, maji ya bombani yanachoma mkono hata alfajiri.

Simu ya siku ile ilikuwa fupi, nami nilikuwa nalia, sidhani kama ulinielewa. Nakuandikia ujue mambo yalivyokwenda, kabla hujayasikia yakiwa yamepindishwa na midomo ya watu.

Tangu mwezi wa sita Mama alishikilia kwenda Najaf kuzuru kaburi la Baba. Tatizo likawa gari la kaka Jabbar: AC ilikuwa ikipuliza hewa ya moto. Kila akipanda, Mama alimtania. "Jabbar mwanangu, hii ni AC au tanuri? Ningejua ningekuja na unga nikaoka mikate."

Kaka alimwomba asubiri hadi mwezi wa kumi. Mama akamjibu, "Mwezi wa kumi ni wenu nyinyi vijana. Mimi nipeleke sasa."

Fundi wa kwanza alijaza gesi tu. Ikapoza siku chache, kisha ikarudi vilevile. Ndipo Jabbar akaenda kwa Abu Luay, yule aliyekuwa akicheza domino na Baba. Yeye hakukimbilia gesi. Alipaka povu la sabuni kwenye mabomba na maungio, akatafuta mpaka akaona kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta, ina tundu jembamba na gesi inavuja kidogo kidogo. Akaitoa, akafunga mpya, akabadilisha na mipira ya maungio, akanyonya hewa yote kwa pampu, ndipo akajaza gesi upya.

Jabbar alirudi nyumbani anacheka peke yake. Akamwita Mama aje aweke mkono hewa inapotokea. Mama akasema, "Hii sasa ndiyo Uswidi. Mwambieni Munaf asijisumbue kunialika."

Tuliondoka Alhamisi baada ya sala ya alfajiri, Jabbar akiendesha, mimi na Mama tumekaa nyuma. Mama alikuwa amefunga mikate na tende za kugawa makaburini. Alikuwa na furaha, Munaf, hilo lijue. Alitusimulia siku ya harusi yake, jinsi Baba alivyovaa viatu vya kuazima vikambana hadi akakaa chini katikati ya ngoma. Jabbar alicheka mpaka nikamkumbusha atazame barabara.

Tulipoipita Nasiriya, jua limeshakuwa kali, Mama akajifunika abaya yake vizuri. "Jabbar, punguza, nasikia baridi." Kaka akapunguza. Baada ya muda akasema tena, "Mwanangu, si nimesema punguza?"

Jabbar akamjibu, "Nimeshaizima, Mama."

Mimi wakati huo jasho lilikuwa linanitiririka. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa. Nikamwambia kaka akimbize gari.

Alikata roho kichwa chake kikiwa begani kwangu, kabla hatujafika hospitali ya Samawa. Hakuhangaika. Alitamka shahada, akanibana kidole, basi.

Daktari alituambia moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi; ile baridi ilitoka ndani yake, haikutoka kwenye gari. Nilimsikia kwa masikio yangu. Jabbar naye alisikia, lakini maneno hayakumwingia.

Hatukurudi Basra. Tuliendelea hadi Najaf, akaoshwa huko, tukamzika ubavuni mwa Baba. Mikate na tende nilizigawa mwenyewe, na kila aliyepokea alimwombea Mama bila kujua kwamba kaburi lake bado bichi.

Matangani wakatokea wa kusema, "Baridi ya gari imemuua bibi wa watu." Neno likavuka ukuta likamfikia Jabbar upande wa wanaume. Tangu hapo chakula anakigusa tu. Kazini anakwenda kwa miguu kwenye jua hili, gari limesimama nje.

Siku ya tatu akaja Abu Luay, hajasikia maneno hayo ya watu. Akasoma Fatiha, akakaa karibu na Jabbar, akamuuliza, "Ile AC ilimpoza vizuri bi mkubwa njiani?" Mume wangu Falih alikuwepo; anasema watu wote waligeuka kumtazama kaka. Jabbar akajibu, "Ilimpoza, ami. Alisafiri kwa raha." Kisha akainama akalia, kwa mara ya kwanza tangu Samawa.

Munaf, mpigie simu kaka yako. Usimwulize habari ya gari. Wewe ndiwe kitinda mimba wa Mama, na ndiwe ambaye hukumzika. Sisi tukimwambia hana kosa, anaona tunambembeleza. Akisikia kwako kwamba humlaumu, huenda akala.

Shangazi Nadhima anakusalimu sana, na Falih pia. Msalimie Zahra, umbusu Ruqaya kwenye paji la uso. Mungu awape subira huko mliko peke yenu, na atukutanishe tungali hai.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Intisar