Hewa ya Jiko la Mama Akinyi

Jumanne, Usenge

Mvua ya mchana ilimfanya jirani yangu, Mama Akinyi, aingize jiko la makaa ndani na kufunga dirisha. Nilibisha, hakujibu. Nikasukuma mlango. Yeye na mwanawe Akinyi walikuwa wamelala, nyuso tulivu mno. Hakukuwa na moshi wala harufu; gesi ya sumu ya makaa haionekani.

Darasani huwa nasema jiwe hukaa lilipowekwa, maji hutulia chini, lakini gesi hujaza chumba chote. Sikuwahi kuiogopa sentensi hiyo.

Niliwaburuta hadi nje mvuani. Akinyi alilia kwanza. Kisha mamake akafumbua macho.

“Mwalimu, mbona umetutoa? Kuna mama alikuwa anatuimbia.”

Mle ndani walikuwa wawili tu.